Kikande ndani ya saluni, Mwanjelwa

Kwanza niweke wazi kabisa, huyu samaki sikumchagua mimi. Alichaguliwa na shemeji yangu wa Dar, akapigwa picha na shemeji, akasifiwa na shemeji kwamba ni mpole hana neno na mtu. Mimi nilichofanya ni kulipa nauli yake ya basi tu.

Nina saluni ya kunyoa hapa Mwanjelwa na ndani nimeweka tangi la samaki wa maji chumvi. Ndiyo, maji chumvi, Mbeya. Kuna mteja wangu mzungu alikuwa kwenye mradi, mkataba ukaisha, akaniachia tangi, pampu, hita, mawe ya baharini, samaki wenyewe na daftari la maelekezo kwa hela ndogo mpaka nikamwonea huruma. Lile daftari nimelisoma kuliko vitabu vyote vya shule. Maji unachanganya mwenyewe kwa chumvi maalumu, gramu 35 hivi kwa lita, siyo ya kupikia. Yakipungua unaongezea maji ya kawaida, maana maji yanaondoka na hewa ila chumvi inabaki. Joto nyuzi 25 hivi, sasa we fikiria Mbeya mwezi wa saba usiku, hita yangu inapiga kazi kuliko mimi.

Watu wakishasikia "maji ya bahari" ndo balaa lingine. Anakuja mama na chupa yake kaificha ndani ya kitenge, anaomba kidogo tu akaogee atoe nuksi. Namwambia mama, haya maji nimechanganya mimi hapo nyuma kwenye ndoo, ni ya bomba la hapahapa. Anasema we nipe hivyohivyo mwanangu.

Basi tangi lilikuwa limetulia. Wale wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe wana lile dude lao linalofanana na ua, hawatoki pale. Kaa mmoja anatembea na kombe la kuazima mgongoni. Na mkubwa wao ni kangaja, samaki ana kiwembe pembeni ya mkia, huku na huku, cha kweli kabisa kinachana. Wazee wanaocheza drafti kwenye benchi langu (nawaita benchi la ufundi, hawanyoi ila ushauri wanatoa) wakampa kangaja cheo cha kinyozi msaidizi.

Ndipo shemeji akatuma picha. Kikande. Mdomo kama kapakwa lipstiki ya njano, bluu juu ya macho, michirizi ubavuni, wazungu wenyewe wamempa jina la mchoraji Picasso. Nikauliza shem, hagombani? Akajibu na kile kikatuni cha kucheka.

Nikafanya kila kitu kama daftari linavyosema, hilo siwezi kulaumiwa. Mfuko nikauelesha kwanza joto lilingane, maji nikamwongezea kidogokidogo, mawe yote nikayahamisha kabla hajaingia ili wenyeji nao wajione wageni wasimwonee mgeni. Nilikuwa namhurumia yeye, umeona?

Kesho yake asubuhi nafungua saluni, kombe la kaa lipo, kaa hayupo. Mawe niliyoyapanga mimi kayapanga yeye upya. Mchanga anaupuliza kwa mdomo mpaka kioo cha chini kinaonekana, kila tundu anakagua kuna nani humo. Wale wa chungwa mmoja mkia umebaki nusu. Kangaja akajaribu kutetea nchi, akamgeuzia kile kiwembe, benchi la ufundi wakasimama kabisa, mzee mmoja akaweka soda kwa kangaja. Soda ililiwa. Kangaja akahamia nyuma ya pampu na huko ndo kikawa chumba chake.

Daftari likanipa dawa nyingine, kwamba samaki mkorofi muwekee kioo cha kujitazama nje ya tangi, atahangaika na kivuli chake awaache wenzie. Nani ana vioo kuliko kinyozi bwana. Nikachukua kile cha mkononi, cha kumwonyesha mteja kisogo, nikakibana pale na selotepu. Aisee! Kikande akamwona mwanaume mwenzie, akaanza kazi. Anamtishia, anarudi nyuma, anamwendea tena, asubuhi mpaka jioni hachoki. Tangi likapata amani. Hasara ni kwamba wateja wangu sasa visogo vyao hawavioni, wananyolewa kwa imani.

Tukaenda hivyo vizuri tu mpaka Jumamosi ya bwana harusi.

Jamaa katokea Tukuyu, ibada saa nane, kaja na mpambe wake na vijana wa kamati kama timu ya mpira, wote suti moja. Anataka fedi, lain kali, ndevu zichongwe. Nimeanza upande wa kulia, nimeshusha vizuri, katoka kama msanii. Akasema naomba nione nyuma. Nikamwambia nyuma pako poa. Akasema kaka leo naoa, naomba nione nyuma. Sasa bwana harusi utamkatalia? Nikabandua kioo kwenye tangi nikampa.

Kumbe pale nimemwachisha kikande kazi. Adui kapotea ghafla, akaanza kuzunguka anatafuta mtu. Na mpambe naye, mtu mzima na tai yake, kaona samaki mrembo kaja juu, kafunua mfuniko apige naye selfi.

Huyu samaki mfuniko ukifunuliwa anajua chakula kimefika, na asipokiona anadai. Anadai kwa kutema maji. Hatemi kidogo, anafyatua. Yale maji yakampita mpambe sikioni yakatua kwenye ekstensheni, ambayo ipo pale kwa sababu mwenye nyumba kaweka soketi moja tu chumba kizima, pampu, hita, redio, mashine ya kunyolea, wote tunanyonya hapohapo. Nimeongea naye kuhusu hiyo soketi mpaka basi.

Paaa! Moshi kidogo, harufu ya plastiki, giza, redio kimya, na mashine yangu ikafia juu ya kichwa cha bwana harusi. Kulia fedi, kushoto msitu wa Rungwe.

Hapo akili yangu inakimbia njia mbili. Pampu imezima, samaki watakosa hewa, na baridi ile. Nikawapa benchi la ufundi kikombe, wachote maji wayamimine toka juu, wachote wamimine, hewa iingie, tangi tukalivisha mashuka ya kunyolea. Bwana harusi ananiangalia kwenye kioo. Anasema taratibu kabisa, "Kaka, unawahudumia samaki?"

Mbio kwa kinyozi wa jirani, ana mashine ya chaji. Akaileta huku anatabasamu mpaka jino la mwisho, ikakata mstari mmoja, ikazima. Hajaichaji toka jana. Ikabaki wembe. Na wembe, ndugu zangu, haujui fedi. Nikashusha kichwa chote kikawaka. Mama mmoja wa kamati akachungulia mlangoni akaita "Mweee!" akarudi nyuma.

Aliyeokoa jahazi ni mpambe, nadhani dhamira ilimsuta. Akavua koti, akakaa kwenye kiti, akasema na mimi upara, na hawa wote upara, tuonekane tumepanga. Vijana wa kamati wakapiga foleni. Nilinyoa kwa wembe mpaka mkono ukaisha nguvu, kila kichwa kimelipiwa, na kanisani nasikia mchungaji aliuliza kama ni mila za upande wa bwana harusi. Bibi harusi alicheka ndo akalia, au alilia ndo akacheka, kuna habari mbili.

Fundi akarudisha umeme, samaki wote wazima, ila kikande nikamwambia baba wewe unarudi pwani. Benchi la ufundi walitaka tumkaange, nikasema hapana, nauli nimelipa, atapanda tena. Kumkamata sasa. Nyavu kaiona tu, kazama kwenye tundu la jiwe, kasimamisha ule mwiba wa mgongoni na hatoki. Nikivuta ndo anazidi kukaza. Ikabidi nitoe jiwe zima na yeye yumo ndani, hapo nje ya maji akaanza kunguruma, gru gru gru, mteja mwenye povu kidevuni akatoka na shuka shingoni na hajarudi kulipa mpaka leo.

Nikampigia shemeji, akampa simu mvuvi. Mzee yule hata hakuuliza mara mbili. "Mwanangu, huo mwiba wa kwanza usiushike, una komeo. Bonyeza wa pili." Nikabonyeza wa pili, ule mkubwa ukalala wenyewe, samaki akateleza puu kwenye ndoo. Kidole gumba alikiuma akiwa anapita, kunipa mkono wa kwaheri.

Nikaifunga ndoo vizuri, pampu ya betri ndani, nikaipeleka kwenye basi la alfajiri, konda nikampa na hela ya soda, nikamwambia ni samaki tu, shemeji atapokea Mbezi. Nikarudi kulala.

Saa mbili asubuhi simu. Konda. Wapo Makambako.

"Bosi, umesema samaki?"

"Samaki."

"Mbona anaongea?"

Nyuma yake nasikia abiria wote wanaimba pambio.