Kaka Kajitolea, na Mie Je?

Juzi jioni alikuja mzee mmoja wa mtaani kwetu kumpongeza mama. "Mwanao wa kiume kajitolea kwelikweli kwenye tamasha mwaka huu, Mungu amzidishie." Mama akaitikia amina. Mie wakati huo nilikuwa naweka sinia la kahawa na kashata, nimevaa fulana ya tamasha, ile ile aliyovaa kaka, mgongoni imeandikwa MJITOLEAJI kwa herufi za kuonekana kutoka ng'ambo ya bahari. Nikaitikia amina na mie. Kwani ningefanyaje, nimmwagie mzee wa watu kahawa?

Tulijiandikisha siku moja, mie na kaka. Tukapewa pasi za shingoni za rangi moja na hotuba moja ya kututia moyo. Yeye akapangwa jukwaani, kubeba maspika na kuvuta waya. Mie nikapangwa mapokezi na kompyuta, kwa sababu nilisoma kompyuta, na hapa kwetu ukishasoma kompyuta unakuwa mali ya umma kama bomba la mtaa. Hadi hapo tuko sawa. Tofauti inaanzia kizingitini kwetu. Kaka akirudi na vespa yake saa saba za usiku anakuta chakula chake kimefunikwa kawa. Aliyekifunika ni mie. Mie nikirudi nakuta karo limejaa masufuria na ukoko umeshika.

Watu husema kujitolea ni kufanya kazi bure. Bure kwa nani? Kamati hailipi, sawa. Lakini zile saa anazozitoa kaka kwa moyo mkunjufu zimetoka mahali. Zimetoka kwa mtu aliyemfulia hiyo fulana usiku ili ikauke kabla ya zamu ya asubuhi, aliyemchemshia chai, aliyeamka kujaza mapipa kwa sababu maji ya bomba kwetu huja yanapotaka yenyewe na asiyeamka atakoga maneno. Kaka anatoa sadaka kwa mfuko wa mwenzake, halafu dua anaombewa yeye. Hilo ndilo linaloniudhi, wala si kazi yenyewe. Kazi naipenda. Nimelelewa na kazi.

Tena mwaka huu tamasha lilituangukia ndani ya Shaaban. Anayezijua nyumba za Unguja anajua maana yake: mapazia yanashushwa, makabati yanavutwa, mazulia yanatolewa uani, na kila kikombe ambacho hakijaguswa tangu mwaka jana lazima kikoshwe. Ramadhani haingojei ratiba ya wasanii. Basi ikawa alfajiri napiga deki, asubuhi nagawa pasi, mchana nakimbia kuunga mchuzi, alasiri nagawa pasi tena. Kaka naye alichoka, sikatai. Alichoka akalala.

Kichekesho kikubwa kilikuwa mjadala wa mchana mmoja hapo tamashani. Mada: kazi za nyumbani zisizolipwa. Mtoa mada, bibi msomi na hodari, alitueleza kuwa jambo hili limo hata kwenye Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa, lengo la 5, shabaha ya 5.4: kazi hizi zitambuliwe, zithaminiwe, na majukumu yagawanywe ndani ya familia. Halafu waliolitunga wakaongeza, kwa kadiri inavyofaa katika kila nchi. Nikasema moyoni, hapo hapo ndipo walipojificha kaka zetu. Mie ndiye niliyekuwa nikibonyeza slaidi. Wanaume walipiga makofi mpaka viganja vikawa vyekundu, kisha wakainuka, wakaacha vikombe vya chai chini ya viti. Nani alivikusanya, sina haja ya kusema.

Na hapa nigusie Bi Kidude, Mungu amrehemu. Kila tamasha hapa visiwani lazima mtu apande jukwaani amsifu: aliimba hadi uzeeni, alizunguka dunia, alitunukiwa 2005 na WOMEX, yale maonyesho ya kimataifa ya muziki, hakuna aliyempangia saa ya kurudi. Tunampenda sana kwa kuvunja kila mpaka. Binti wa nyumbani akirudi saa tano za usiku kutoka kwenye hilo hilo tamasha la kumsifu, anaulizwa alikuwa wapi.

Sasa nije kwenye laptopu.

Kamati ilikuwa na laptopu moja, mtumba wa Dubai, kibodi ina herufi za Kiarabu pembeni na M yake haifanyi kazi mpaka uibonyeze kwa hasira. Ndani yake ndimo kulimokuwa na kila kitu: orodha ya wageni, ratiba, zamu zetu, nani analala hoteli gani, mizigo ipi imekwama bandarini. Niliomba inunuliwe flashi tuhifadhi nakala, nikaambiwa bajeti haina nafasi. Bajeti ilikuwa na nafasi ya mabango. Jioni ya kuamkia ufunguzi umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena, na laptopu ikastaki. Tulipoizima na kuiwasha ikatoa skrini ya buluu na kutulia hivyo hivyo, ikinguruma.

Mngeona huruma aliyoonewa yule mtumba! Mwenyekiti aliikunja ratiba akawa anaipepea. Mmoja akaja na feni ya mezani. Mwingine akasema, kwa sauti ya mtu aliye msibani, "Iacheni ipumzike, imefanya kazi mno." Tulipoipeleka kwa fundi Darajani, akaifungua, akapuliza vumbi, akatikisa kichwa: hii mmeibebesha mambo mengi kwa wakati mmoja, hadi diski imechoka, hata nikiipiga Windows upya msiilazimishe. Wote wakaitikia kwa unyonge. Kweli, tumeionea. Mie nilikuwa nimesimama hapo hapo pembeni, miguu imevimba, tangu alfajiri sijakaa, na hakuna aliyeuliza kama nami nimejaa vumbi.

Halafu ikaamuliwa, bila hata kupiga kura, kwamba orodha nzima niiandike upya kwa simu yangu, kwa bando langu, usiku huo, kwa kuokota ujumbe wa zamani wa WhatsApp mmoja mmoja.

Nimekuja kuona jambo. Mtambo wowote ukifa, kazi yake huhamia mikononi mwa mwanamke. Wenye umri watakumbuka giza la Desemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja ilipokosa umeme kutoka bara. Nilikuwa mdogo. Nakumbuka kelele za majenereta madukani, na wanaume barazani wakiichambua ile hitilafu kana kwamba wao ndio waliotandaza waya baharini. Wanawake sikumbuki wakiichambua. Pampu zilipokuwa zimesimama, wao ndio waliobeba ndoo. Friji lilipokuwa kabati tu, wao ndio waliokwenda sokoni kila siku ya Mungu kwa sababu samaki halazwi. Pasi ya umeme ikapumzika, ikatolewa ya makaa, na skuli tulikwenda tumenyooka vile vile.

Haya, nitende haki kidogo, maana najua mtakavyonijia. Kaka yangu si mtu mbaya. Mtungi wa gesi hubeba yeye, na kila akiubeba mtaa mzima hupata habari. Kamati nayo haina fedha, hilo nalijua: hata Sauti za Busara, tamasha kubwa kama lile, halikufanyika 2016 kwa kukosa fedha. Bila mikono ya bure hakuna tamasha hata moja litakalosimama. Na muziki ulikuwa mtamu. Usiku wa mwisho nilisahau hata mazulia. Sitaki kuanza kuzungumzia wale wajitoleaji wa kutoka Ulaya waliopewa chumba Mji Mkongwe wakati sisi tunagombea daladala ya mwisho, wala cheti nilichopewa ambacho jina langu limekosewa.

Lakini msinambie suluhisho ni mie nisijitolee. Nimelisikia hilo kwa shangazi, tena kwa huruma kabisa: "Mwanangu, ungekaa nyumbani ungechoka nusu." Nikikaa nyumbani kaka ataendelea kupongezwa, na nani atawaandikia orodha? Wala suluhisho si mama. Mama kaosha vyombo tangu kabla ya mimi kuzaliwa, naye zamani alikuwa anaghani vizuri; tamasha hili lipo mwendo wa miguu tu kutoka nyumbani na hajatia mguu hata mara moja. Nilimpatia pasi ya familia mwaka huu. Akaniuliza, na chakula cha kaka yako?

Sasa kamati imeshatuma fomu za msimu ujao. Jina, umri, ujuzi wako, saizi ya fulana. Nimewajibu kwamba kuna kisanduku kimoja kimesahaulika, na kijazwe na kila mmoja, mwanamume na mwanamke: wiki ya tamasha, vyombo vya nyumbani kwenu vitakoshwa na nani? Jina kamili na namba ya simu.

Kaka kasoma haya kabla sijayatoa. Kacheka mpaka kakohoa, akasema hana tatizo kabisa na kisanduku hicho, yeye atajaza jina langu.