Ukali wa jikoni na uonevu ni mambo mawili

Kila linapozuka lalamiko la uonevu katika hoteli za kitalii za Arusha, wasimamizi huwa na jibu tayari: sahani ikichelewa mgeni hulalamika, na jiko lenye visu na mafuta ya moto haliendeshwi kwa kubembelezana. Jibu hilo lina ukweli wake. Sauti kali huokoa mtu asiungue, na mpishi mkuu anayerudisha chakula kisichofaa anatimiza wajibu wake.

Kinacholalamikiwa, hata hivyo, ni kingine: kuitwa mjinga mbele ya wageni, kupangiwa zamu ya usiku na kuunganishiwa ya alfajiri kwa kukomolewa, kunyimwa fungu la bakshishi bila maelezo. Aliyetukanwa sasa hivi hutakiwa kutoka akitabasamu, kisha machungu hayo huenda nayo nyumbani, yakamnyima usingizi. Wala haisaidii kusingizia mapokeo ya upishi, kwa kuwa Auguste Escoffier mwenyewe, Mfaransa aliyepanga jiko la hoteli kwa vyeo kama vya jeshi, anakumbukwa kwa kupiga marufuku matusi jikoni mwake.

Hasara isiyoonekana kwenye hesabu ni ya ubunifu. Mhudumu wa vyumba ndiye anayeona kwamba wageni wanaorudi mbugani na vumbi hufutia viatu taulo nyeupe, na huenda akawaza kuwa kitambaa cheusi kikiwekwa mlangoni taulo zingepona. Lakini kama pendekezo lake la mwisho lilichekwa mbele ya wenzake, hili atalimeza, na taulo zitaendelea kuharibika huku mwenye hoteli akilaumu sabuni.

Utetezi wa kisheria upo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, humhesabu aliyejiuzulu kwa sababu mwajiri ameifanya kazi isivumilike kuwa ameachishwa, naye aweza kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Tatizo ni kwamba kinga hiyo haimfikii ambaye hajatimiza miezi 6 kwa mwajiri huyo, na katika biashara ambayo masika ya Aprili na Mei huondoa wageni na ajira pamoja, walio katika msimu wao wa kwanza ni wengi. Hao ndio wenye macho mapya, ndio pia wanaoonewa kwa urahisi, na msimamizi analijua hilo. Kuwapa mtu wa kumpelekea malalamiko, asiye msimamizi wao wa zamu, hakungepunguza ubora wa sahani hata moja.