Jipu Siku ya Ukaguzi

Jipu popote ni balaa, ila jipu la tako lina na dharau juu yake, maana huwezi hata kumwonyesha mtu akuonee huruma. Langu liliiva sawasawa siku mkaguzi anakuja kusikiliza kipindi changu cha Biolojia. Na mada ya siku hiyo? Chembe nyeupe za damu na uvimbe.

Nikafundisha nimesimama, uzito wote mguu wa kushoto. Nikawaeleza kwamba bakteria wakishapenya ngozi, makrofaji, yaani chembe walinzi zinazoishi humo humo ndani ya nyama, ndizo hupiga mbiu. Mishipa midogo inatanuka, kuta zake zinaachia mianya, majimaji yanavuja. Hapo ndipo panapokuwa pekundu, pa moto, pamevimba. Kisha neutrofili, ambazo kwa kawaida ni zaidi ya nusu ya chembe nyeupe za mtu mzima, hujipenyeza kwenye mianya hiyo, zikatoka nje ya mshipa, zikawameza bakteria na kufia hapo hapo.

"Na maumivu, mwalimu?"

"Maumivu yapo," nikajibu, kwa hisia zilizomfanya mkaguzi aandike kitu.

Nikaongeza dalili ya mwisho: sehemu iliyovimba hushindwa kufanya kazi yake. Kazi ya tako inajulikana.

Mkuu wa shule, mtu wa heshima zake, akaagiza kiti. "Keti, mwalimu, unatoka jasho."

"Ahsante mkuu, mimi nikisimama ndiyo maneno yanakuja."

Nikakimbilia historia. Mwaka 1882, huko Messina, Italia, mwanasayansi Ilya Metchnikoff alimchoma kiluwiluwi wa kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, kwa mwiba wa waridi. Kesho yake akakuta chembe zimeuzingira mwiba pande zote. Kazi yake juu ya chembe hizo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1908, pamoja na Paul Ehrlich.

Kijana mmoja wa nyuma, wale ambao hawakosekani, akanyoosha mkono. "Mwalimu, hata pweza ana kiti. Wewe chako mbona unakikimbia?"

Darasa likaangua kicheko. Mkaguzi naye akacheka. "Hebu keti, mwalimu, tumalizie."

Mkaguzi akisema keti, unaketi. Nikashuka kidogo kidogo, tako moja hewani, nimeng'ang'ania meza. Kumbe kiti kina mguu mfupi. Kikayumba upande wa jipu.

Mlio nilioutoa haumo kwenye muhtasari wa Biolojia. Halafu nikasikia umajimaji wa moto, na raha ambayo sikuwa nayo wiki nzima.

"Mwalimu," akauliza binti wa mbele, kalamu tayari, "usaha hasa ni nini?"

"Neutrofili zilizokufa," nikasema, machozi yananitiririka, "na bakteria, na mabaki ya nyama. Kipindi kimekwisha."

Nikatoka kinyumenyume hadi mlangoni, daftari la mahudhurio limenisitiri nyuma.

Ripoti ya mkaguzi ilisema nimeimudu mada kwa hisia za kipekee. Chini yake, penye zana za kufundishia, ameandika: hakuna.