Nondo wa Amani, Anwani Ulaya

Ukikuta usiku huko Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki wilayani Muheza, Tanga, shuka jeupe limetundikwa kati ya miti miwili, taa kali inalimulika na jenereta linanguruma pembeni, usidhani ni wachimbaji wa mali za Mjerumani, ingawa kijijini ndivyo watakavyokwambia. Hao wanatafuta nondo. Usiku wa giza, wenye joto na manyunyu kidogo, ndio wanaoupenda, maana shuka hujaa wadudu hata weupe wake usiuone.

Wengi huwa wanajulikana. Mmoja au wawili humkwamisha mtaalamu, na hapo inaanza kazi isiyo na uhondo hata kidogo. Rangi ya mabawa haitoshi: lile vumbi linalobaki kidoleni ukimshika nondo ndilo rangi yenyewe, na nondo mzee huwa limeshampukutika. Basi hukatwa tumbo, likalowekwa kwenye dawa inayoyeyusha nyama, na viungo vya uzazi vinavyobaki hupangwa kwenye kioo na kutazamwa kwa hadubini. Kwa nondo wengi, hapo ndipo spishi mbili zinazofanana huachana. Siku hizi huongezwa kipimo cha vinasaba. Kisha yanaandikwa maelezo: urefu wa bawa, madoa, mahali, mwinuko, tarehe. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta kwamba tangu kiumbe kipya kikusanywe hadi kiandikwe rasmi hupita wastani wa miaka 21. Kijana aliyebeba jenereta anakuwa ameshaoa na kusomesha.

Ugomvi wangu hauko kwenye kuchelewa. Kila spishi mpya huwa na kielelezo kimoja kinachobeba jina, holotaipu. Hicho kikae makumbusho ya London au Berlin kama ndiko kitakakotunzwa; sisi wa Tanga, ambako hata viatu huota ukungu kabatini, tusijidanganye. Lakini wenzake waliokamatwa naye, wale parataipu, hakuna kanuni inayokataza wagawanywe. Wawili watatu warudi, wapewe chumba kikavu chenye kiyoyozi, mtoto wa Muheza awaone bila kuomba viza.

Milima hii imezoea kutoa. Mwaka 1893 ua dogo la zambarau lililotumwa Ujerumani na ofisa aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, lilipewa jina la ukoo wake, Saintpaulia, na leo linauzwa kwenye vyungu dunia nzima. Hata mkusanyiko wa mimea mikavu ulioanzia Amani enzi za Mjerumani ulikuja kuhamishiwa Nairobi.

Kinachoniudhi zaidi, lakini, ni habari ya kiwavi. Shuka na taa vinakupa nondo aliyekwisha kukomaa tu. Alipokuwa kiwavi alikula nini, mti gani? Mara nyingi maelezo rasmi yako kimya. Na hapo hapo Usambara Mashariki wapo kina mama na kina baba waliofuga vipepeo kwa miaka, wakiuza pupa, yaani kiwavi aliyejifunga kabla hajatoka kipepeo, nje ya nchi kupitia mradi wa vipepeo wa Amani, mpaka serikali ilipozuia kusafirisha wanyamapori hai mwaka 2016 na soko likawafia mikononi. Hawa wanajua kuokota yai dogo kama kichwa cha pini chini ya jani. Wanajua kiwavi gani anataka jani gani, na kwamba ukimpa jingine atagoma kula mpaka afe. Wanamfunika neti ili nyigu wasimtagie mayai mwilini, kisha wanasubiri.

Ukimpata nondo jike akiwa hai, usimkimbize kwenye chupa ya sumu. Mpe mama mmoja wa pale amweke kizimbani, ajaribu majani anayoyajua yeye. Huenda akakupa jibu la kiwavi kabla maabara haijakurudishia majibu ya vinasaba.

Alipwe kwa kazi hiyo. Na jina lake liwekwe juu ya makala ya kisayansi pamoja na waandishi wengine, si kule chini kabisa kwenye shukrani, amefichwa ndani ya "wenyeji".