Shemeji, Nirudishie Dakika Zangu 101

Mimi sina ugomvi na shemeji yangu. Ni mtu mpole, anasalimia vizuri, na akikopa anakumbuka kabisa kwamba amekopa, ingawa kulipa halipi. Ubaya wake ni mmoja tu: mkalishe mbele ya televisheni, anageuka profesa. Ndiye aliyenisukumia Longlegs. "Shem, ile si muvi. Ile ni sanaa."

Ningekuwa na akili ningeishia hapo hapo. Mtu akikuuzia mbuzi akakuambia huyu si mbuzi, unamwacha na kamba yake. Lakini ilikuwa Jumamosi usiku, watoto wamelala, mke wangu kakaa upande wake wa kochi na rundo la nguo za kukunja, na mimi rimoti nilikuwa nayo. Nikaiweka. Nasimulia mpaka mwisho kabisa, kwa hiyo kama hujaiona na unataka kuiona, shukia hapa. Imetoka Julai 2024, usiseme hukupewa muda.

Inaanza na maandishi, mistari ya wimbo wa bendi ya roki ya T. Rex. Sawa. Halafu picha inakuja imebanwa katikati ya kioo kama slaidi ya zamani, pembe zimeviringwa. Nikajua televisheni imeharibika. Nikabonyeza, nikabonyeza tena, mara maandishi ya chini yakageuka Kihispania, mara sauti ikapotea.

"Baba, acha. Ndivyo ilivyotengenezwa," akasema mke wangu bila kuinua macho kwenye soksi.

"Umejuaje?"

"Hiyo ni zamani. Huyo mtoto atakuja kuwa mkubwa."

Theluji imetanda, mtoto wa kike anatoka nje peke yake, kuna gari limesimama pale. Anatokea mtu mrefu mweupe pee, sauti nyembamba kama bawaba inayodai mafuta. Nataka kumwona uso. Wapi! Kamera imemkata kichwa, kama zile picha za harusi zinazopigwa na mjomba. Mtu anaanza kuinama, nami nainama naye kwenye kochi nimchungulie, na hapo hapo wanakata. Nilibaki nimeinama peke yangu.

Kumbe ule uso ndio ulikuwa biashara yenyewe. Ni Nicolas Cage, kapakwa na kubandikwa mpaka mama yake angempita njiani, na kampuni ya Neon iliyosambaza filamu ikamficha kwenye matangazo yote. Waliweka bango Los Angeles lenye namba ya simu. Ukipiga unasikia sauti ya yule mtu. Wakatoa na tangazo lenye mapigo ya moyo ya mwigizaji Maika Monroe siku alipomwona Cage kwa mara ya kwanza akiwa katika sura ile: eti yalifika 170 kwa dakika. Ndugu zangu, 170 moyo wangu unafika kila nikiona jina la mwenye nyumba kwenye simu, na sijawahi kutengenezewa tangazo.

Haya. Miaka inasogea, tuko Oregon miaka ya tisini, ofisini ukutani kuna picha ya Bill Clinton. Yule mtoto sasa ni Lee Harker, ndiye huyo Maika Monroe, afisa wa FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani. Anatumwa na mwenzake kugonga nyumba kwa nyumba kumtafuta mtu. Lee anasimama, anatazama nyumba moja, anasema: ni ile. Hajapewa ushahidi, hajaona damu, kajua tu. Anamsihi mwenzake waite msaada kwanza. Mwenzake, mwanamume mwenzangu, anamwona binti anaota. Anakwenda kupiga hodi.

Hodi! Kwa muuaji! Nilimwambia kwa sauti, "Kaka, rudi." Mlango ukafunguliwa, risasi ya kichwa, kaka akalala. Mke wangu akanitazama mimi, si televisheni. Aliniangalia mpaka nikakumbuka ile siku aliyosema hii barabara siyo, nami nikasema naijua.

Baada ya hapo wanampima Lee kama ana kipaji cha kuona yasiyoonekana, anabashiri namba na kupatia nusu. Bosi wake, Carter, anaridhika kabisa: nusu mganga ni bora kuliko asiye mganga. Mimi nikipatia nusu ya kazi zangu naitwa ofisini nijieleze.

Sasa hapa, nakiri, muvi ilinishika. Kesi yenyewe ni tamu. Kwa miaka mingi baba anaua mke na watoto kisha anajiua, familia moja baada ya nyingine. Hakuna mlango uliovunjwa, wala dalili kwamba mgeni aliingia. Lakini kila mahali kuna barua ya maandishi ya fumbo, mwandiko si wa mtu wa nyumba ile, chini imesainiwa Longlegs. Na kila familia ina binti aliyezaliwa tarehe 14. Nikainuka nikatafuta kalamu. Karatasi sikupata, nikachukua tangazo la mkutano wa wazazi, nikaligeuza, nikaandika washukiwa. Wa kwanza, bosi. Wa pili, mke wa bosi. Wa tatu nikaweka alama ya kuuliza. Wa nne nikamwandika shemeji, kwa hasira tu.

Lee anampigia simu mama yake. Mama anamuuliza kama anasali.

"Mama ndiye," akasema mke wangu, akakunja shati.

"Mama gani?"

"Huyo wa kwenye simu. Mtoto anakimbizana na wauaji, humuulizi amekula au amelala, unamuuliza sala? Ana lake huyo."

Nikamwambia upelelezi hauendi hivyo, una hatua zake. Sikumwandika. Nasema mapema ili mje mnicheke vizuri.

Ile sehemu ya nyumba ya Lee ndiyo iliyoninyima usingizi, na siyo kwa sababu waliyoikusudia. Dada anamtafuta muuaji wa familia nzima nzima. Anaishi wapi? Nyumba ya mbao, porini, peke yake, madirisha mapana hayana hata kipande cha pazia, na taa kawasha moja ya mezani. Usiku mlango unagongwa. Mtu mwenye akili timamu anaingia chini ya kitanda na kuanza kukumbuka madeni anayodai. Yeye anatoka nje na bastola, anazunguka gizani, akigeuka anaona kivuli cha mtu kiko ndani. Ndani ya nyumba yake! Anarudi, anakuta barua mezani. Na hakuhama! Mimi niliwahi kuhama chumba kwa sababu ya popo.

Basi wanachimbua banda moja shambani, wanatoa mwanasesere mkubwa, ana ukubwa wa mtoto mzima. Maabara wanampasua kichwa, wanakuta tufe la chuma. Tufe lina nini ndani? Hamna kitu. Lee anachora tarehe za mauaji kwenye kalenda, inatoka pembetatu iliyopinduliwa. Mimi kwenye tangazo langu la wazazi nikachora pia, ikatoka kitu kama kaptura.

Halafu wakamkamata yule mtu. Hivi hivi, kituo cha basi, kakaa na uso wake kama anasubiri nauli ishuke. Nikatazama muda uliobaki. Mwingi. Nikapata wasiwasi, kwa sababu muvi ikimkamata mwizi mapema, ujue mwizi si huyo.

Chumba cha mahojiano ni cha Cage na mwenyewe anajua. Anaimba, anabembeleza, anamsalimia shetani kama jirani, halafu anapigiza uso mezani mpaka anakufa. Nilifumba macho, lakini masikio hayafumbiki. Mke wangu aliendelea na soksi.

Na hapo sasa ndipo nilipoibiwa.

Mama ndiye. Mama mzazi wa mpelelezi. Anavaa kama mtawa, anagonga mlango, anasema zawadi imetoka kanisani, anawaachia mwanasesere aliyetengenezwa na Longlegs. Ndani ya lile tufe amekaa shetani, baba wa nyumba anaingiwa na kichaa, kazi imekwisha. Na Longlegs mwenyewe alikuwa akiishi chini ya sakafu ya nyumba ile ile alimokulia Lee. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hili lilimjua binti tangu utotoni, likamwacha asome, apate kazi, apewe bunduki na serikali, aje alitafute nchi nzima wakati lilikuwa chini ya miguu ya mama yake.

Lakini shetani? Nimekaa na kalamu zaidi ya saa nzima! Nimeandika washukiwa! Ungeniambia tangu mwanzo kwamba jibu ni uchawi, ningeweka kalamu chini na kuogopa kwa utulivu. Bibi alipotuhadithia zimwi, zimwi lilikuwa zimwi tangu paukwa. Hakuwahi kutuletea askari na alama za vidole, tukabishana nani kaiba mbuzi, halafu saa ya kulala atuambie, ah, lilikuwa zimwi, laleni.

Nikamtumia shemeji ujumbe. Akajibu kwa sauti, dakika saba, usiku ule ule. Inaonekana alikuwa anasubiri. Eti sijaelewa. Eti muvi haihusu upelelezi, inahusu mama anayemdanganya mtoto ili amlinde. Eti mwongozaji, Osgood Perkins, ni mtoto wa Anthony Perkins, aliyeigiza yule muuaji wa hoteli kwenye filamu ya Psycho ya 1960, na amesema wazi kwamba kiini kilitoka nyumbani kwao, kwa mama aliyekuwa na siri kuhusu baba ambazo watoto hawakuambiwa.

Hapo nilinyamaza kidogo. Kwa sababu ule mgongano wa mwisho wa Lee na mama yake, Alicia Witt akiwa ndiye mama, ndio uliobaki na mimi. Alipewa achague: mwanawe, au watoto wa wengine. Akamchagua mwanawe, akafunga kilemba cha utawa, akatoka kugonga milango miaka yote ile. Ukiondoa shetani, hiyo ni hadithi ya kutisha tosha. Ndiyo maana nawauliza, shetani alihitajika kwa nini? Shemeji hakujibu hilo. Alituma kikatuni cha mtu anayecheka.

Mwisho wenyewe ni sherehe ya kuzaliwa ya Ruby, binti wa Carter. Lee anafika, shetani keshatangulia. Mwanasesere yuko sebuleni, mama yupo na vazi lake, Carter anatabasamu tabasamu ambalo si lake. Anamchukua mkewe jikoni kwa utaratibu kabisa. Na Lee, mwenye kuona yasiyoonekana, kaketi kwenye kochi! Nilisimama. "Inuka, dada! Hata mimi nimeona!" Anainuka mke wa watu akiwa ameshachinjwa. Anampiga risasi Carter, anampiga mama yake, anamgeukia mwanasesere: bastola tupu, kwa. Kwa. Kwa. Imekwisha. Cage anarudi kumtukuza shetani, anatupulizia busu, majina yanapanda.

Si mimi peke yangu niliyenuna. Wahakiki waliisifu, lakini watazamaji wa siku ya kwanza Marekani, walipoulizwa na CinemaScore, kampuni inayokusanya alama za watazamaji, wakitoka ukumbini, waliipa C+. Na bado iliingiza zaidi ya dola milioni 120 duniani, wakati kuitengeneza kulikula chini ya milioni 10. Maana yake walionuna walikuwa wameshalipa.

Nilikuwa nataka kulala na hasira yangu vizuri, mke wangu akauliza gizani, "Binti yetu kazaliwa tarehe ngapi?"

Sikujibu. Anajua. Tarehe 14.

Wiki mbili baadaye siku ikafika, na mama mkwe akafika nayo, kabeba boksi refu. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, nimemletea mjukuu wangu rafiki." Likafunguliwa. Mwanasesere. Mkubwa, macho ya kufumba na kufumbua, nywele zimeanza juu sana. Mama mkwe huwezi kumwambia arudi na zawadi yake. Nilitabasamu, na nilipojiona kwenye kioo cha kabati, tabasamu lilikuwa la Carter.

Shemeji alikuwepo. Alinitazama, akasema taratibu, "Sanaa hiyo, shem."

Usiku, nyumba ilipotulia, nikanyata na bisibisi kwenda sebuleni. Taa ilikuwa inawaka. Mke wangu kakaa sakafuni, mwanasesere kamlaza mapajani, kichwa kakiweka pembeni juu ya gazeti.

"Nimeshakagua," akasema. "Hamna kitu ndani."

"Hata maabara walisema hivyo hivyo," nikamwambia.

Akafikiri kidogo, kisha akanyoosha mkono. "Lete hiyo bisibisi."