Mfalme akifungwa, nani hasa amevunjiwa heshima?

Tangu Mfalme Charles wa Uingereza amvue nduguye Andrew cheo cha mwana wa mfalme hapo Oktoba 2025 na kumwambia ahame nyumba yake ya Royal Lodge, kwa tuhuma za kumdhulumu msichana kingono na urafiki wake na Jeffrey Epstein, ukipita uwanja wa Mkunguni hapa Lamu jioni lazima ukute watu wanabishana. Wengine wanasema ameshaadhibiwa, aachwe. Wengine wanaona mtu wa nasaba ile kumsimamisha mbele ya hakimu ni kukivunjia heshima kiti chenyewe. Mimi siko na pande zote mbili lakini hawa wa pili siwezi kuwaita wajinga, manake hofu yao ina mizizi hapahapa kwetu.

Mwaka 1890 Wajerumani waliuawa Witu, huku huku kwetu Lamu, Waingereza wakataka Sultan Fumo Bakari awatoe wahusika, akakataa, basi Oktoba mwaka huohuo wakaja na jeshi wakauteka mji wakautia moto, na hayo yote wakayaita haki. Sasa mtu aliyekulia kwenye simulizi hizo ukimwambia mtawala apelekwe kortini atakuuliza korti ya nani, na ni swali la maana kabisa. Hata Afrika Kusini, mfalme wa Wathembu Sabata Dalindyebo alitiwa hatiani mwaka 1980 na korti ya Transkei, ile serikali ya vibaraka wa makaburu, kosa lake eti kumvunjia heshima Matanzima, rais wa Transkei. Akakimbilia Zambia na akafia uhamishoni.

Lakini huyohuyo Sabata ana mtoto, Buyelekhaya, naye akatawala, na kesi yake ndiyo watu hawaielewi. Wengi walichobaki nacho ni ile habari ya mfalme wa Kiafrika kuingia jela mwisho wa Disemba 2015, wakaona ni dharau ya sheria za kizungu kwa mila zetu. Hawaulizi alifanya nini na alimfanyia nani. Alichoma nyumba za raia wake mwenyewe, alimteka mama mmoja pamoja na watoto wake sita, vijana wakapigwa vibaya, na alipoulizwa akajitetea kwamba alikuwa anatekeleza mila kama mfalme. Korti ikasema hakuna mila inayompa mtu ruhusa hiyo. Na ile korti haikuwa ya Matanzima tena, ilikuwa ya nchi iliyopiga kura, na ilimsikiliza mpaka rufaa, tena kwenye rufaa ile hatia ya kusababisha kifo ikafutwa na kifungo kikashuka kutoka miaka 15 hadi 12. Mtu anayetafutiwa aibu tu hapunguziwi hivyo.

Sasa mimi kinachonikera ni hesabu. Makosa yale ni ya 1995 na 1996, mfalme kaingia jela 2015. Miaka ishirini! Hebu fikiria umechomewa nyumba na mtu ambaye kimila ndiye unayemkimbilia ukidhulumiwa, halafu unaishi miongo miwili kwenye ardhi yake, chini ya amri yake, na watu wanajua wewe ndiye uliyetoa ushahidi. Halafu Disemba 2019 rais anatangaza kupunguza vifungo, mfalme anatoka baada ya miaka minne kati ya kumi na miwili, nje anapokewa kwa shangwe. Heshima ya kiti ilizungumzwa sana siku hizo, ya yule mama na watoto wake sita sikuisikia popote.

Na sisi Waislamu hoja hii hatukuiazima Ulaya. Sahaba Usama alipokwenda kumuombea yule mwanamke wa Bani Makhzum, ukoo wa heshima, aliyeiba, kila mtu hapa anajua Mtume s.a.w. alisema hata binti yake Fatima akiiba atamkata mkono. Malaysia, nchi yenye masultani, ilibadilisha katiba 1993 ikaunda mahakama maalum ya watawala, na mwaka 2008 mahakama hiyo ikamwamuru mtawala wa jimbo la Negeri Sembilan, akiwa bado kitini, ailipe benki dola milioni moja za Marekani. Kiti cha Negeri Sembilan kiko palepale hadi leo.

Kinga yenyewe siipingi yote. Katiba yetu ya Kenya kifungu cha 143 inasema rais hashtakiwi kwa jinai akiwa madarakani, lakini ile miaka yake ya uongozi haihesabiwi kwenye ukomo wa muda wa kushtaki, kwa hiyo akitoka deni liko palepale. Hiyo inalinda kazi. Uhispania kinga ilimlinda mtu, waendesha mashtaka waliyafunga mafaili ya mfalme wa zamani Juan Carlos Machi 2022 wakisema mengine yanazuiwa na kinga yake alipokuwa mfalme, mengine muda umepita na kodi ameshalipa.

Ndiyo maana hili la Andrew kuvuliwa cheo halinitoshi. Anakanusha tuhuma zote, na ile kesi ya madai ya Virginia Giuffre, aliyesema Andrew alimdhulumu kingono akiwa msichana, kule New York waliimaliza kwa makubaliano Februari 2022 bila yeye kukiri kosa. Nduguye kumtoa kwenye nyumba ni uamuzi wa ukoo. Ukoo haumwiti shahidi wala haumpi mtuhumiwa nafasi ya kujisafisha, na aliyelalamika hapewi hata kiti cha kukaa, na Virginia amefariki Aprili 2025, miezi sita kabla cheo hakijaondolewa.