Mkono unatetemeka, MRI safi: huyu mgonjwa aandikwe F au G?

Kuna ishu ambayo madaktari wa mfumo wa fahamu na wale wa afya ya akili wanavutana nayo miaka na miaka, na huku kwetu naona haizungumzwi kabisa wakati wagonjwa wapo, tena wengi tu. Namzungumzia mtu ambaye mkono unatetemeka, au mguu umegoma, au shingo inavutwa upande mmoja, anapigwa MRI inatoka safi, damu safi, kila kitu safi, lakini kutembea hawezi. Na haigizi. Hamna uvimbe kichwani wala kiharusi, ila namna ubongo unavyoendesha mwili ndo imevurugika. Madaktari wanaiita FND kwa kifupi, yani functional neurological disorder. Sasa huyu mtu kwenye faili anaandikiwa namba gani ya ugonjwa?

Maana kila ugonjwa una namba yake kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani inayoitwa ICD, na namba hiyo ndo inayosomwa na bima, ndo inayoingia kwenye takwimu, na ndo daktari wa pili anayoiona kabla hata hajamwona mgonjwa. Kwenye ICD-10, yani toleo la kumi, herufi G ni magonjwa ya mfumo wa fahamu, Parkinson ni G20, distonia (misuli kujikaza na kujivuta yenyewe) ni G24. Herufi F ni magonjwa ya akili. Huyu wetu wa FND yuko F44.4. Na ukitaka kujua kwa nini watu wanalalamika angalia namba iliyo juu yake, F44.3, hiyo ni ya watu wanaopandisha, wanaoingiwa na pepo. Yani mtu mguu umekufa ganzi na haunyanyuki, kwenye kitabu cha dunia nzima kawekwa jirani na mapepo, halafu tunashangaa ndugu zake wakimpeleka kwa mganga.

Wanaotaka ahamishiwe upande wa mfumo wa fahamu wana hoja nzito kwa kweli. Kwanza mgonjwa mwenyewe haendi kwa daktari wa akili, anaenda kwa anayeshughulika na neva kwa sababu kinachomsumbua ni mguu. Pili, ugonjwa huu siku hizi hautambuliwi kwa kukosa majibu kwenye vipimo, unatambuliwa kwa dalili zake wenyewe. Kuna kipimo cha Hoover, kipo tangu 1908, mgonjwa analala anaambiwa akandamize kisigino cha mguu mbovu kitandani, anashindwa, halafu anaambiwa anyanyue ule mzima, na hapo hapo ule mbovu unakandamiza wenyewe kwa nguvu zote bila yeye kujua. Anayetetemeka anaambiwa agonge vidole vya mkono wa pili kwa mdundo anaopewa, mara nyingi tetemeko linakatika au linaufuata ule mdundo. Hizo ni dalili anazozisoma daktari wa neva kwa mikono yake. Na hata wataalamu wa akili wa Marekani, kwenye mwongozo wao DSM-5 wa 2013, waliacha kulazimisha kwamba lazima mgonjwa awe na msongo fulani wa mawazo ndipo aitwe ana tatizo hili. Mwaka 2014 Jon Stone wa Edinburgh, Mark Hallett wa Marekani na wenzao akiwemo Raad Shakir, aliyekuwa anaongoza kamati ya mfumo wa fahamu kwenye maandalizi ya ICD mpya, waliandika wazi kwamba ugonjwa huu uingizwe kwenye sura ya mfumo wa fahamu.

Upande wa pili nao usidharauliwe. Wagonjwa wengi wana sonona au hofu kali juu yake, wengine wamepitia mambo mazito utotoni, na mwanasaikolojia anawasaidia. Ukiwatoa kwenye F kuna hatari wa akili wakanawa mikono, na wa neva akishaona hamna kiharusi anasema si wangu, mgonjwa anabaki hana mwenyewe. Halafu kuna hoja moja inayonikaa sana kichwani, kwamba kuikimbia F ni sawa na kukubali kuwa ugonjwa wa akili ni aibu, kwa hiyo unamwokoa mmoja kwa kuwaacha wengine wote kwenye aibu ile ile. Hiyo sina jibu lake jepesi. Ila naona pia si haki mgonjwa wa leo abebeshwe vita ya jamii nzima wakati anachotaka ni kurudi kutembea.

Wengine wanaogopa kuandika kabisa, wanasema vipi kama baadae ikija kuonekana kulikuwa na ugonjwa mwingine. Hofu hii ina historia, mwaka 1965 Eliot Slater kule London alifuatilia wagonjwa walioambiwa wana histeria, jina la zamani la ugonjwa huu, na akaishambulia vikali hiyo histeria kama ugonjwa. Lakini Stone na wenzake walipokusanya tafiti za miaka mingi, 2005, walikuta makosa ya kumwita mtu ana ugonjwa huu kumbe ana mwingine, kwenye tafiti za tangu miaka ya 70, ni kama asilimia 4 tu.

Na hofu hiyo ndo inazaa kitu ambacho mimi nakiona kibaya kuliko F na G zote, namba za herufi R. Hizi ni za dalili tu, R25.1 kutetemeka, R26 kutembea vibaya. Daktari anajua kabisa mgonjwa ana nini ila anamwonea huruma, au anaogopa mabishano, anaandika R na kumrudisha nyumbani. Inaonekana upole ila sio, maana hospitali inayofuata wanaanza sifuri, MRI nyingine, na kama hana bima ni hela ya mfukoni, pengine ng'ombe kauzwa. Mwenye degedege zisizo za kifafa, ambazo nazo ni FND, ndo balaa zaidi, anaweza kumeza dawa za kifafa miaka bila kuhitaji hata kidonge kimoja. Na kwenye takwimu za nchi hayupo, kwa hiyo hakuna atakayepanga fizio (tiba ya mazoezi ya viungo) wala mafunzo kwa ajili yake.

ICD-11 ilipitishwa Mei 2019 ikaanza rasmi Januari 2022, nayo ikaja na suluhu ya kati, ugonjwa unaonekana kwenye sura zote mbili. Ni hatua kubwa, napongeza. Ila namba yenyewe ni 6B60, na 6 ni sura ya akili, wakati Parkinson ni 8A00. Kwenye hesabu anahesabiwa kule kule. Na kuhamisha inawezekana, kiharusi kilikuwa kwenye magonjwa ya mishipa ya damu, ICD-11 ikakihamishia mfumo wa fahamu moja kwa moja.

Kuhusu tiba pia tusidanganyane. Uingereza walichapisha mwaka 2024 jaribio la fizio maalumu ya FND, kipimo kikuu hakikuonyesha tofauti na fizio ya kawaida, ila waliopata ile maalumu wengi zaidi walisema wameimarika. Kwa hiyo G peke yake haiponyeshi mtu, lakini bima ikiona F na fomu inaomba fizio ya mguu, ni rahisi sana kuuliza inahusiana vipi.

Oktoba 2023 wasichana karibu 95 wa shule ya Eregi, Kakamega nchini Kenya, walipelekwa hospitali miguu ikiwasumbua na wengi hawawezi kutembea, na maafisa wakataja histeria. Kwa mzazi neno hilo ni kuambiwa mwanao anajifanya. Mtoto kama yule anahitaji mtu amwonyeshe mguu wake unavyokandamiza wenyewe, amweleze nyaya zipo nzima na kwa hiyo unaweza kurudi, kisha aandike kwenye faili alichokiona.

Mimi niko upande wa kumweka kwenye mfumo wa fahamu, na kama ana sonona basi namba ya sonona iandikwe pembeni yake, kama ana Parkinson pia, maana wapo wenye vyote viwili, ziandikwe zote. Mpaka orodha ibadilike F44.4 au 6B60 itumike bila kuona haya, na chini yake daktari aandike alifanya kipimo gani na alikuta nini, ili wa hospitali inayofuata asianze upya.